Wingi wa Kichwani na Wingi wa Mkiani

Wanangu, mkishuka basi Stendi ya Msamvu pale Morogoro na njaa imewashika, hamtakwenda mbali kabla ya kusikia mafuta yakilia karaini. Simameni mtazame mikono ya muuzaji. Anachota viazi vilivyokwisha kukaangwa, anavimwaga kwenye kikaango kipana, anagonga mayai mawili ukingoni mwa bakuli, anayapiga kwa uma mpaka yatoe povu, anayamimina juu ya viazi. Anangoja upande wa chini ushikane, anafunika kwa sahani, halafu anapindua lote mara moja. Vijana wanaliita zege. Mteja aliye nyuma anachomoza kichwa: "Na mimi nipe chipsi mayai moja!"

Moja! Na muuzaji wala hashangai. Lakini hebu sikilizeni alichoagiza. Mayai ni wingi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua: yai, mayai. Chipsi nayo ni wingi. Kwa Mwingereza kipande kimoja cha kiazi ni "chip", vikiwa vingi ni "chips", na ile s ya mkiani ndiyo inayosema kuwa viko vingi. Sisi tulipolichukua neno tuliimeza s pamoja na kiazi, tukabandika i ili ulimi upate pa kutua, na hatukujali tena kwamba lilikuja na mkia. Soksi nazo ni hivyohivyo. Mguu mmoja kwa Kiingereza huvaa "sock", miguu miwili huvaa "socks", ila sisi tunatafuta soksi moja iliyopotea na hakuna anayetucheka.

Kwa hiyo sahani ile ina wingi wa aina mbili, mmoja umekaa kichwani mwa neno, mwingine umekaa mkiani. Leo nawasimulia habari za huo wa mkiani, maana ndio unaowatoa jasho kwenye mitihani. Nami nadai hivi tangu mwanzo: Kiingereza hakiropoki. Kila wingi wake unaouona wa ajabu una sababu, na sababu nyingi ni za zamani sana.

Tuanze na kichwa kwanza, kwa sababu ndicho mnachokijua bila kufundishwa. Tazameni ile milima iliyosimama nyuma ya mji. Mtu mmoja wa kule ni Mluguru, wakiwa wengi ni Waluguru, lugha yao ni Kiluguru, nchi yao ni Uluguru. Mwili wa neno haukuguswa hata kidogo, kazi yote imefanyika mbele. Kiswahili na Kiluguru ni ndugu katika jambo hili, na ndugu zao wametapakaa kutoka Kameruni mpaka Afrika Kusini. Mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Bleek, ndiye aliyezitia lugha hizi jina katika kitabu chake cha mwaka 1862. Aliona nyingi zina neno moja linalofanana la kutajia watu, akaliweka liwe jina la kundi zima: Bantu. Lile ba- la mbele ni wa- yetu ya "watu". Jina lenyewe limezaliwa likiwa wingi.

Na kichwa chetu hakikai kimya. Mananasi ya Kinole yanaposhuka sokoni utasikia: tenga hili kubwa limejaa. Yakiwa mengi: matenga haya makubwa yamejaa. Kila neno limepata habari kwamba matenga yameongezeka. Mwingereza yeye husema "this big basket is full", na yakiongezeka, "these big baskets are full". Kikapu kimeota mkia, "this" imegeuka "these", "is" imegeuka "are", lakini "big" imebaki vilevile, haina habari. Ndiyo maana wapo wanafunzi wanaoandika "bigs baskets" na kupigwa alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu. Ni kosa, sikatai. Lakini ni kosa la mtu mwenye akili: amezoea lugha ambayo sifa hufuata jina lake popote linapokwenda.

Sasa twende mkiani.

Wekeni vidole viwili kooni, hapo panapopanda na kushuka unapomeza mate. Vuteni z ndefu: zzzz. Koo linatetemeka. Sasa s: ssss. Limetulia. Haya, "cat" inaishia kwa t, na t haitetemeshi koo, kwa hiyo mkia wake ni s halisi: "cats". "Dog" inaishia kwa g, koo linatetemeka, na mkia nao unatetemeka pamoja nalo. Huandikwa "dogs" lakini hutamkwa kwa z. Jaribuni "books", halafu "bags". Jaribuni "cups", halafu "cubs". Vidole vitawaambia kabla mwalimu hajasema.

Kisha kuna maneno ambayo tayari yanaishia kwa sauti ya s, z, sh au ch: "bus", "box", "dish", "church", "quiz". Ukibandika s juu ya "bus" utabaki unapuliza tu, hakuna atakayesikia kama basi ni moja au ni kumi. Hapo Mwingereza huchomeka irabu katikati ili mkia usikike, na kwenye maandishi huweka es: "buses", "boxes", "dishes", "churches". Lakini msiziamini herufi kuliko masikio. "Stomach", yaani tumbo, imeandikwa kwa ch mwishoni, ila hutamkwa kwa k. Kwa hiyo wingi wake ni "stomachs", hakuna e hapo. Kanuni ni ya mdomo, kalamu imekuja nyuma yake.

Mtu mmoja alitaka kujua kama watoto wa Kizungu hukariri neno moja moja au wana kanuni kichwani. Anaitwa Jean Berko Gleason, Mmarekani, na mwaka 1958 alichapisha utafiti wake. Alichora kidude kinachofanana na ndege, akakipa jina lisilokuwapo duniani: "wug". Akamwonyesha mtoto: huyu ni "wug". Akamwonyesha wawili: sasa wapo wawili, wapo nini? Watoto karibu wote wakajibu "wugs", tena kwa z, kama koo linavyotaka. Neno hilo hawakuwa wamelisikia kwa mtu yeyote, wingi wake wameutoa wapi? Wameutengeneza wenyewe, papo hapo. Ila nawapa siri nyingine ya utafiti ule: alipowapa maneno ya kubuni yanayotaka es, mfano "gutch", wengi walikwama, wakarudia neno lilelile bila mkia. Watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza! Basi na wewe wa Mzumbe au Kihonda ukisahau es usijione mjinga.

Nanyi mna "wug" zenu, msidhani. Nikiwaambia nimeona kibundo kimoja mlimani Lupanga, na jana niliona vingine vitatu, mnaniuliza habari za vibundo. Hakuna kitu kinachoitwa kibundo. Nimekitunga sasa hivi.

Tuingie Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapo mjini, maana karibu kanuni zote za kuandika wingi zimepangwa mezani. Nyanya za Mgeta ni "tomatoes", viazi ni "potatoes", vyote vina e kabla ya s. Maembe ni "mangoes", ingawa wapo wanaoandika "mangos" na kamusi haziwakatazi. Parachichi ni "avocados". Ukipiga picha za hayo yote ni "photos", maana "photo" ni neno lililokatwa mkia tayari, na maneno yaliyokatwa hivi hayataki e. Kanuni ya o imejaa vighairi, nami sioni haja ya kuwachosha nayo: shikeni nyanya, viazi na maembe, mengi mengine huchukua s tu.

Matunda madogo mekundu ya milimani, stroberi, ni "strawberries". Herufi y ikiwa nyuma ya konsonanti hugeuka ie kabla ya kupokea s: "berry", "berries", na nzi anayeyazunguka ni "fly", wakiwa wengi "flies". Y ikiwa na irabu jirani haiguswi: siku ni "days", nyani wa njiani Mikumi tuwaite "monkeys" kwa leo, wataalamu wa nyani watanisamehe. Morogoro tunajiita Mji Kasoro Bahari, na miji mikubwa ni "cities".

Halafu kuna f. Kisu ni "knife", visu ni "knives". Jani la mgomba ni "leaf", majani ni "leaves". Mkate "loaf", mikate "loaves". Mwizi "thief", wezi "thieves". Sasa tazameni jina la soko lenyewe: Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la ukuu wa Waluguru wa Kinole, linalopita kwa mmoja hadi mwingine. Je, machifu kwa Kiingereza ni "chieves"? Hapana, ni "chiefs". "Chief" na "thief" zinafanana mpaka vina, ila wingi wao umetengana. Kwa nini?

Hapa ndipo Waluguru wenyewe wanaponisaidia kueleza. Katika Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Anaweza kuzaliwa kijijini kwa baba na kulelewa huko, ila ukimuuliza ukoo wake atakutajia wa upande wa mama. Maneno ya Kiingereza nayo mengi hushika ukoo wa kule yalikotoka. "Thief", "knife", "leaf" na "loaf" ni wa ukoo wa Kiingereza cha kale, na zamani f ikikaa katikati ya irabu mbili ilitamkwa v. Mkia ulipoongezwa, f ikajikuta katikati, ikawa v, na mpaka leo ni v. "Chief" ilikuja na Wafaransa walioitawala Uingereza tangu mwaka 1066. Mchezo ule wa f na v haukuwa wa ukoo wake, ikabaki na f. Wapo watoro wachache, "roof" kwa mfano ni wa kale ila siku hizi husema "roofs", lakini kwa "chief" na "thief" ukoo unatosha kueleza.

Kanuni hiyohiyo ya ukoo utaikuta chini ya mlima, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachobeba jina hilo tangu mwaka 1984. Kiwavi kimoja kinachotafuna mahindi ni "larva", viwavi ni "larvae". Kuvu ni "fungus", zikiwa nyingi "fungi". Kidudu kimoja cha maradhi ni "bacterium", vingi ni "bacteria". Wote hao ni wa ukoo wa Kilatini na wamegoma kuvaa s. Ajabu yake, ukoo huweza kufifia. Uwanja wa Jamhuri ni "stadium", neno la Kilatini vilevile, lakini mashabiki wa mpira wamelizoea mno, sasa wengi husema "stadiums", na "stadia" imewabakia wachache. Neno likitoka maabara likaingia mtaani, huanza kuota mkia wa nyumbani.

Maneno yetu je, yakienda kwao? Safari ikawa "safaris". Boma ikawa "bomas", na Nairobi kuna Bomas of Kenya tangu mwaka 1971, wala hakuna aliyeiita Maboma. Watalii wanaokwenda Mikumi kwa "safaris" zao hawajui kwamba Mikumi lenyewe ni wingi: mkumi mmoja, mikumi mingi, mti wa jamii ya mnazi. Sisi nasi tumelipiza. Kitabu ni neno la Kiarabu, na Waarabu wakiwa navyo vingi husema "kutub". Sisi tulisikia ki- ya mbele, tukaona ni ki- yetu ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Madereva wakasoma kibao cha Kiingereza kwenye mzunguko wa barabara, "Keep Left", kikazaliwa kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Kinga ya tope kwenye gari, "mudguard", ilisikika madigadi, kwa hiyo moja ikawa digadi. Huo ni ufundi, mimi nausifu.

Sasa nifikie wale wakorofi: "foot" ikiwa nyingi ni "feet", "goose" ni "geese", "mouse" ni "mice", "man" ni "men", "tooth" ni "teeth". Hawana mkia wala kichwa, wamebadilika tumboni.

Nianze na jino. Semeni: jino, meno. Ile ji- imekwenda wapi, na e imetoka wapi? Shina la neno ni -ino. Likiwa moja linapata j mbele, jino. Yakiwa mengi yanapata ma-, na ma- ikikutana na i ya -ino, a na i zinayeyuka kuwa e: ma-ino, meno. Irabu mbili zimekutana, imezaliwa ya tatu.

Jino la Mwingereza nalo limepita njia hiyohiyo, ila kwa kurudi nyuma. Zamani sana, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wingi wa maneno haya ulikuwa na mkia wenye sauti ya i. Ulimi ni mvivu, wanangu, au niseme unawahi. Ukijua i inakuja, unaanza kuisogelea ukiwa bado kwenye irabu ya kabla yake. Semeni "u" polepole huku mkijiandaa kusema "i", mtausikia ulimi ukipanda mbele. Vizazi na vizazi wakasema hivyo, irabu ya katikati ikavutwa mbele na kubaki huko. Baadaye mkia wa i ukadondoka kabisa. Aliyeuvuta mlango hayupo, mlango umebaki wazi. "Tooth" na "teeth" ni jino na meno: i iliyofichika ndiyo iliyofanya kazi pande zote mbili, na mwanafunzi wa Kiswahili anao ufunguo wa jambo ambalo watoto wengi wa Kiingereza hulikariri tu.

Katika kundi hilo "mouse" ndiyo inayonipendeza, kwa sababu Morogoro ni mji wa panya mashuhuri. Shirika la APOPO lilifika pale mwaka 2000, likashirikiana na Chuo cha Sokoine kuwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja, Magawa, alizaliwa na kufundishwa hapo, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimvisha medali ya dhahabu baada ya kunusa mabomu 39 ya ardhini. Panya hakuwahi kupewa medali hiyo kabla yake. Ila ukiwaandikia Waingereza barua ya pongezi usiwaite hao "mice". Panya mdogo wa stoo ni "mouse", panya mkubwa ni "rat", na wakubwa wakiwa wengi ni "rats", mkia wa kawaida. Kiswahili kinawaita wote panya, mmoja au elfu, na unajua idadi kwa maneno ya jirani: panya huyu, panya hawa. Kiingereza nacho kina maneno ya namna hiyo. Kule Mgeta wanakofuga mbuzi wa maziwa walioletwa kutoka Norway miaka ya 1980, mbuzi ni "goats", lakini kondoo mmoja ni "sheep" na kundi zima ni "sheep". "This sheep", kondoo huyu. "These sheep", kondoo hawa. Kondoo haguswi kwetu wala kwao.

Sasa mtoto. "Child", "children". Huyu kisa chake ni kirefu, na kinanirudisha kwenye mayai.

Zamani wingi wa "child" ulikuwa na mkia wa r, watu wakisema kitu kama "childer". Baada ya muda watu wakaona r haisikiki vizuri kama wingi, wakaongeza mkia mwingine, -en, juu ya ule wa kwanza: "children". Wingi juu ya wingi. Msiwacheke, mitaani kwetu watu husema "mavitu", wakati vitu ilikwisha kuwa wingi. Anayeandika "childrens" kumaanisha watoto amefikisha mkia wa tatu, hapo nami nachukua kalamu nyekundu.

"Child" haikuwa peke yake kwenye mtindo huo. Yai lilikuwa humo. Kusini mwa Uingereza yai moja liliitwa "ey", mayai "eyren", r na -en zilezile za "children". Kaskazini, walikokuwa wamelowea watu wa Skandinavia, yai lilikuwa "egg", na wingi wake ulichukua mkia wa s. William Caxton, aliyekuwa wa kwanza kuleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza, alikisimulia kisa hiki kwenye utangulizi wa kitabu alichokichapa mwaka 1490. Wafanyabiashara walikuwa wakisafiri kwa mashua kutoka mto Thames kwenda Uholanzi. Upepo ukakata. Wakateremka pwani kutafuta chakula, mmoja wao akaingia nyumba ya watu akaomba, hasa hasa, "eggs".

Mama mwenye nyumba akamtazama. Akamwambia samahani, mimi Kifaransa sikijui.

Mwanamume akawaka. Yeye mwenyewe Kifaransa hakijui! Anaomba mayai, kwa Kiingereza, ndani ya Uingereza. Wakabaki wanatazamana mpaka mwenzake akasogea akasema tunataka "eyren", na mama akasema naam, hapo nimeelewa.

Caxton akauliza, sasa mtu achape kitabu kwa neno lipi? Kwa yai tunalijua jibu: "eggs" ilishinda, "eyren" ikafa. Na si hiyo tu. Ng'ombe waliitwa "kine", leo ni "cows". Kitabu kilikuwa na wingi wa kubadilika tumboni kama jino, leo ni "books" tu. Mkia wa s uliendelea kula maneno moja baada ya jingine kwa mamia ya miaka. Walionusurika ni akina nani? Mtu, mwanamke, mtoto, mguu, jino. Tazameni orodha hiyo. Ni maneno ambayo mama humwambia mtoto kila siku: piga mswaki meno, vaa viatu miguuni. Neno linalosikika asubuhi na jioni halipati nafasi ya kusahauliwa, linabaki na wingi wake wa kale. Neno linalosikika kwa msimu watu huusahau wingi wake, na wakikwama wanabandika s. Ndiyo maana vighairi havikujificha pembezoni mwa lugha, vimekaa jikoni na chumbani. "Ox" na "oxen", maksai wa kulimia, amebaki kwa bahati, na sina hakika atavuka karne nyingine kwa jinsi matrekta yanavyoongezeka.

Yapo mambo ya kuhesabu na yasiyohesabika. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinapigana kabisa, na makosa mengi ya barabarani mwetu yanatoka hapa. Mto Ruvu unachota maji Uluguru na kuyapeleka mpaka Dar es Salaam. Maji haya yametoka mbali. Kwetu maji ni wingi siku zote, hakuna "ji" moja, na maziwa ya kunywa, mafuta na mate ni hivyohivyo. Mwingereza huona kitu kimoja kisichokatika: "this water", "this milk", "this oil". Kinyume chake, suruali yako moja kwake ni "trousers" na mkasi mmoja ni "scissors", kwa kuwa huhesabu miguu miwili na makali mawili. Mchele wa Kilombero ni "rice" tu, uwe shambani, gunia au sahani, wakati sisi tuna mpunga, mchele na wali.

Mafundi seremala huandika vibaoni "Furnitures". Ninawaelewa: meza, viti na makabati viko vingi mbele ya macho yao, mkia unawatoka wenyewe. Kiingereza husema "furniture" bila s, hata zikijaa lori. Vivyo hivyo "information", "advice", "luggage", "equipment". Haya hayana ujanja, ni ya kukariri. Na kuna yenye s ambayo si wingi hata kidogo: habari ni "news", na husema "the news is good". "Mathematics" ni somo moja, hata likikuumiza kichwa mara kumi.

Nimebakiza moja ambalo Waingereza wenyewe bado wanavutana juu yake. Kile kidude cha kompyuta unachokisukuma mezani kiliitwa "mouse" kwa sababu ya ule waya uliofanana na mkia. Vikiwa viwili ni nini? Baadhi husema "mice", wakiufuata ukoo wa kale. Wengine husema "mouses", wakidai hiki si panya wa kuzaliwa. Kamusi zimeandika yote mawili zikajiweka pembeni. Kwenye maabara ya kompyuta ya shule mwalimu wa Kiswahili anaagiza kipanya kimoja kwa kila meza, vipanya ishirini kwa darasa, na karani wa ugavi anaandika.